Rangi za Ndani ya Nyumba na Jinsi ya Kuzichagua

Mtu akijenga nyumba, kazi ya rangi huja mwisho. Kwanza atanunua kiwanja, kisha matofali, saruji, mbao na mabati; baadaye milango na madirisha. Ifikapo siku ya kununua rangi, mfuko umekwisha kutoboka. Basi mwenye nyumba humtuma kijana dukani na kumwambia, "Lete rangi yo yote iliyo rahisi." Rangi huletwa, hupakwa siku mbili, na watu huhamia. Lakini matofali hayaonekani tena na saruji imefunikwa. Kinachoonekana asubuhi na jioni, miaka mitano au kumi, ni ile rangi iliyochaguliwa kwa haraka.

Nimeona yafaa niandike machache juu ya jambo hili, kwa sababu wasomaji wa gazeti letu ni wa namna mbili. Wako wanafunzi, ambao wengi wetu tutapanga chumba mjini kabla ya kujenga cho chote. Na wako kaka zetu na wazee waliosoma hapa zamani, ambao sasa wanajenga huko Gayaza, Wakiso na Mukono. Mimi si fundi, lakini katika likizo kadhaa nimemsaidia mjomba wangu ambaye ni fundi wa rangi, nami nimebeba ngazi na kusugua kuta kwa msasa katika nyumba za Kawempe, Bwaise na Ntinda. Mengine nimeyapata darasani katika somo la kemia na fizikia. Haya mawili, kazi ya mikono na somo la darasani, yanapatana kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza tujue rangi ni nini. Ndani ya mkebe mmo vitu vinne. Cha kwanza ni unga wenye rangi yenyewe, uliosagwa laini kabisa. Cha pili ni gundi inayoushika unga huo ukutani. Cha tatu ni kimiminika kinachofanya rangi ipakike, nacho hukauka na kwenda zake hewani. Cha nne ni dawa chache za kuzuia ukungu, povu na kuganda. Kimiminika kikiwa maji, twaiita rangi ya maji. Kikiwa mafuta ya tapentaini au jamii yake, twaiita rangi ya mafuta. Rangi ya bei ndogo sana mara nyingi ina unga mwingi usio na nguvu, kama chaki, na gundi haba. Ndiyo sababu ukiegemea kuta nyingine shati lako huwa jeupe mgongoni.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Rangi gani ni nzuri?" Swali hilo halina jibu. Swali la kwanza liwe hili: chumba hiki kina mwanga kiasi gani, na nani anakaa ndani yake akifanya nini?

Katika Kampala maelfu ya watu huishi katika nyumba za chumba kimoja au viwili zilizopangwa mstari, ambazo kwa Kiganda huitwa mizigo. Chumba cha namna hiyo mara nyingi kina mlango mmoja na dirisha dogo moja, tena mbele yake kuna ukuta wa jirani. Ndani yake baba, mama na watoto hulala, hula, na mtoto wa shule hufanya kazi zake za jioni. Humo rangi ya ukuta si pambo. Ni taa ya pili.

Tazameni hesabu hii. Rangi nyeupe safi hurudisha kiasi cha sehemu 80 katika kila sehemu 100 za mwanga unaoipiga. Rangi nzito, kama buluu iliyokoza au kahawia, hurudisha labda 20 au chini yake. Mwanga ukigonga ukuta mweupe mara moja, zimebaki 80. Ukigonga ukuta wa pili, zimebaki sehemu 80 katika 100 za zile 80, yaani 64. Lakini katika chumba cha rangi nzito, mgongo wa kwanza unaacha 20, na wa pili unaacha 4 tu. Sitini na nne kwa nne! Taa ni ile ile, dirisha ni lile lile, lakini mwanga uliobaki baada ya kugonga mara mbili ni mara kumi na sita. Nimemwona mtoto wa darasa la saba akisogeza daftari lake hadi mlangoni saa kumi na moja jioni, kwa sababu chumba cha wazazi wake kilipakwa buluu ya kukoza. Wazazi walipenda buluu, wala sisemi walikuwa na makosa ya kuipenda. Lakini pango hulipwa kila mwezi, na mtihani wa mtoto huja mara moja.

Jambo hili wazee wa pwani walilijua zamani. Katika mji wa Lamu nyumba za mawe zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na vyumba vya ndani viko mbali na ua unaoleta mwanga. Mafundi wa huko walipaka kuta kwa plasta ya chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, nyeupe na laini, na katika nyumba za matajiri wa karne ya 18 walichonga vidaka vya plasta safu kwa safu kwenye ukuta wa chumba cha ndani kabisa. Mwanga mdogo ulioingia kutoka uani ulipokewa na weupe huo na kupelekwa mpaka ndani. Hawakuwa na kipimo cha mwanga, bali walikuwa na macho.

Pamoja na kiasi cha mwanga, tuangalie unatoka wapi. Kampala iko karibu sana na ikweta, upande wa kaskazini kidogo. Kwa hiyo jua la kwetu lina tabia yake. Karibu na mwezi wa Juni hupita upande wa kaskazini, na karibu na Desemba hupita upande wa kusini. Lakini mwaka mzima huchomoza mashariki na kuzama magharibi bila kwenda mbali. Chumba chenye dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi, nalo ni la upole. Chumba chenye dirisha la magharibi hupata jua la alasiri, lenye joto na wekundu. Ukipaka chumba cha magharibi rangi ya chungwa au nyekundu, saa kumi na moja jioni utadhani umeingia katika tanuri. Huko yafaa rangi ya kupoza macho, kama kijani hafifu au samawati hafifu. Chumba kilicho chini ya veranda pana, ambacho hakipati jua kabisa, chataka rangi yenye joto kidogo, kama rangi ya maziwa au manjano iliyofifia sana.

Tena tazameni kilicho nje ya dirisha. Mwanga hubeba rangi ya kitu ulichogonga. Migomba ikiwa karibu na dirisha, ukuta mweupe utaonekana una ukijani. Uwanja ukiwa wa udongo mwekundu, dari itaonekana ina wekundu kidogo wakati wa mchana. Na usiku mambo hubadilika: balbu yenye mwanga wa manjano huifanya rangi ya maziwa ipendeze na samawati ififie, balbu nyeupe ya siku hizi huifanya samawati iwe baridi kama hospitali. Kwa hiyo mtu asichague rangi dukani chini ya taa ya mwenye duka. Hiyo ni taa yake. Si taa yako.

Hapa nataka kusema neno juu ya majina. Lugha ya Kiswahili ina majina matatu ya asili kwa rangi: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine nyingi zimeitwa kwa vitu tunavyoviona. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kile kiungo cha mchuzi, zambarau na chungwa ni matunda. Iko pia maji ya kunde, na iko damu ya mzee. Wengine hucheka majina hayo, lakini mimi naona yana akili. Mtu akisema "nataka kahawia" dukani, ataonyeshwa kahawia kumi na mbili. Akichukua mkononi kitu chenyewe, jani, kipande cha kitambaa, punje ya kahawa, hapatakuwa na ugomvi. Rafiki mmoja wa mjomba wangu alitaka sebule ipatane na pazia la kitambaa cha gome la mti, lile olubugo la Waganda litokanalo na mutuba, ambalo UNESCO mwaka 2005 iliitangaza kazi ya kulitengeneza kuwa urithi wa wanadamu wote. Alikwenda dukani na kipande kidogo cha olubugo mfukoni. Alirudi na rangi ya maziwa, na wekundu wa kitambaa ukatulia ukutani kana kwamba vilizaliwa pamoja.

Kadi ya rangi ya dukani nayo ina hila yake. Kipande kidogo cha karatasi huonyesha rangi kuwa pole. Ukutani, mahali pakubwa, rangi ile ile huonekana imekoza zaidi, maana kuta nne zinatupiana mwanga wake. Basi kanuni ya mjomba ni hii: ukishapenda rangi moja kwenye kadi, chukua iliyo hafifu kuliko hiyo kwa hatua moja au mbili. Kisha nunua mkebe mdogo kabisa, paka mraba wa nusu meta katika kuta mbili, mmoja ulio karibu na dirisha na mmoja ulio mbali. Utazame asubuhi, adhuhuri na usiku, kwa muda wa siku mbili. Mkebe huo mdogo ni gharama, ndiyo, lakini kupaka chumba mara mbili ni gharama kubwa zaidi.

Baada ya rangi huja mng'ao wake, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Rangi za ukutani ni za namna tatu hasa. Kuna isiyong'aa, kuna inayong'aa kidogo kama hariri, na kuna inayong'aa sana kama kioo. Isiyong'aa hutawanya mwanga kila upande, kwa hiyo huficha mabonde na milima ya plasta. Lakini gundi yake ni chache kuliko unga, na ukiisugua kwa kitambaa chenye maji huacha doa. Ile ya hariri ina gundi zaidi. Inasafishika kwa sabuni laini, ila huonyesha kila kovu la ukuta. Ile ya kioo ina nguvu kuliko zote, lakini ikipakwa juu ya plasta mbaya inakuwa kama kumulika taa juu ya aibu. Kwa kifupi, kadiri rangi inavyong'aa ndivyo inavyosafishika, na ndivyo inavyotaka ukuta ulionyoshwa vizuri.

Basi twende chumba kwa chumba.

Dari iwe nyeupe isiyong'aa, karibu kila nyumba. Dari nyeupe hushusha mwanga na kukifanya chumba kionekane kirefu.

Sebuleni, kama hakuna watoto wadogo, rangi isiyong'aa inatosha na inapendeza. Kama wapo, pakeni ya hariri, kwa sababu vidole vya mtoto havisomi kanuni. Mtu akipenda rangi nzito, apake ukuta mmoja tu, ule usiotazama dirisha, na mitatu iwe hafifu.

Chumba cha kulala chahitaji utulivu. Rangi hafifu za kijani, samawati, au rangi ya maziwa zafaa. Nyekundu na manjano kali hazifai mahali mtu anapotaka kupumzika, ijapokuwa hapa kila mtu na moyo wake.

Jikoni ni vita. Katika nyumba nyingi za Kampala tunapika kwa makaa juu ya sigiri, na moshi na mafuta hupanda ukutani. Rangi isiyong'aa haidumu hapo hata mwaka. Yafaa rangi ya hariri, au ya mafuta karibu na jiko. Lakini kabla ya kupaka jiko la zamani, sharti kuta zioshwe kwa maji ya sabuni na kusuuzwa, zikauke. Masizi yakiachwa chini ya rangi mpya, yatapenya na kutokea juu kama madoa ya chai, hata ukipaka mara tatu. Bafuni pia patakiwe rangi ya kuoshwa, na dirisha liachwe wazi, maana ukungu hauogopi rangi. Huogopa hewa na jua.

Wengi wenu mmeona katika shule na nyumba zetu kwamba sehemu ya chini ya ukuta, kiasi cha meta moja kutoka sakafuni, hupakwa rangi ya mafuta nzito, kahawia au kijivu, na juu yake huwa hafifu. Hiyo si mapambo ya bure. Udongo wa Kampala ni mwekundu kwa sababu una kutu ya chuma ndani yake, na kutu hiyo ndiyo hiyo hiyo itumikayo kutengeneza rangi nyekundu ya sakafu za saruji. Kwa hiyo udongo wetu wenyewe ni rangi, nao hushika ukuta kweli kweli! Viatu, mipira, migongo ya viti na matone ya mvua huutupa kwenye sehemu ya chini. Rangi ya mafuta huoshwa, na kahawia huficha. Lakini kuna sharti moja: ukuta uwe mkavu. Ukuta unaonyonya maji kutoka ardhini ukipakwa rangi ya mafuta, maji hayana pa kutokea. Yataisukuma rangi itoke malengelenge na kubanduka vipande. Ukiona malengelenge, usinunue rangi nyingine. Tafuta maji yanatoka wapi: bomba, mfereji wa bati, au udongo uliorundikwa juu ya msingi. Ziba chanzo kwanza. Rangi haiponyi ukuta mgonjwa.

Ukuta mpya nao una mashaka yake. Plasta ya saruji, hata ikionekana kavu kwa juu, ina maji ndani na ina nguvu ya alkali. Ikipakwa rangi mapema, alkali hiyo hula gundi na kubadilisha rangi, na chumvi nyeupe hutoka juu kama unga. Ingoje wiki nne kwa uchache. Na wakati wa mvua, yaani Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba, ingoje zaidi. Kisha isuguliwe kwa msasa, ipanguswe vumbi, ipakwe rangi ya kwanza iliyotengenezwa kupambana na alkali, ndipo zije mbili za mwisho. Kila mara ngoja saa zilizoandikwa kwenye mkebe. Anza na dari, kisha kuta, mwisho mbao na vyuma. Acha madirisha wazi, wala mtu asilale chumbani humo usiku ule.

Huenda msomaji mmoja atasema, "Haya ni maneno ya matajiri. Mimi sina fedha ya rangi hata ya bei ndogo." Huyo namjibu kwa neno moja: chokaa. Huko Muhokya, katika wilaya ya Kasese, watu huchoma mawe ya chokaa katika tanuri. Jiwe likipata joto la nyuzi 900 hivi hutoa kaboni dioksidi na kubaki chokaa kali. Likitiwa maji huchemka lenyewe na kuwa chokaa ya kupaka. Ikishapakwa ukutani, hunywa tena ile kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo mtu apakaye chokaa anapaka jiwe jembamba. Chokaa ni nyeupe, ni rahisi, huruhusu ukuta kupumua, na kwa ukali wake ukungu na wadudu hawaipendi. Ubaya wake ni kwamba huchafua nguo isiposhikwa vizuri, na hutaka kurudiwa kila mwaka au miwili. Ipakwe nyepesi mara tatu, si nzito mara moja, na ukuta uloweshwe kidogo kwanza. Tena iheshimiwe: ikiingia machoni huunguza, kwa hiyo funika macho na mikono. Chumba kidogo kilichopakwa chokaa safi kina mwanga kuliko sebule ya bwana mkubwa iliyopakwa damu ya mzee.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Ni madini ya risasi. Tangu zamani watengenezaji walitia risasi katika rangi, hasa rangi za mafuta, ili ziwe na weupe, wekundu au manjano ya kuwaka, na ili zikauke upesi. Risasi ni sumu. Mtoto mdogo hutambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni; vumbi la rangi iliyochakaa huingia tumboni, na risasi huenda damuni na kuharibu ubongo unaokua. Mtoto haanguki wala halii. Huwa mzito wa kujifunza, na watu husema ni mvivu. Shirika la Afya Ulimwenguni limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi damuni kinachojulikana kuwa salama.

Wala jambo hili si jipya. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kukataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, isipokuwa mahali pachache. Marekani ilikataza rangi ya nyumba yenye risasi mwaka 1978. Mwaka 2011 Shirika la Afya Ulimwenguni pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yalianzisha umoja wa kuiondoa rangi ya risasi duniani kote, na kipimo kinachopendekezwa ni risasi isizidi sehemu 90 katika sehemu milioni moja za rangi iliyokauka. Kwa hiyo dawa inajulikana. Kinachotakiwa ni mnunuzi aulize.

Basi fanyeni hivi. Mkinunua rangi ya mafuta, na hasa nyekundu, manjano au chungwa, someni mkebe kama umeandikwa kwamba haina risasi. Tazameni kama una alama ya Q ya shirika letu la viwango. Msinunue rangi iliyomiminwa katika chupa isiyo na jina. Na kama mlango, dirisha au kitanda cha zamani kina rangi inayobanduka, msiikwangue ikiwa kavu. Iloweshwe kwanza, isuguliwe kwa msasa wa maji, watoto wakae mbali, na uchafu ukusanywe katika karatasi na kutupwa. Usifagiliwe uani wanapochezea. Mjomba wangu sasa hufunga kitambaa puani na kubadili nguo kabla ya kuwabeba watoto wake. Zamani mafundi waliona ni woga. Mimi naona ni elimu.

Limebaki jambo la hesabu, ili mtu asidanganywe. Chukua chumba cha urefu wa meta 3.6, upana meta 3, na kimo meta 2.7. Jumlisha pande zote nne: 13.2. Zidisha kwa kimo: meta za mraba 35.6. Toa mlango, kiasi cha 1.8, na dirisha, kiasi cha 1.4. Zimebaki 32.4. Kwa kuwa utapaka mara mbili, ni 64.8. Lita moja ya rangi ya maji katika plasta laini hufunika meta za mraba 10 hivi kwa mpako mmoja. Katika plasta mbaya labda 8. Kwa hiyo chumba hicho chataka lita 6 na nusu, au 8 kama plasta ni mbaya. Mikebe miwili ya lita 4 yatosha. Fundi akikutuma ndoo ya lita 20 kwa chumba hicho, muulize kwa upole inayobaki inakwenda wapi. Na ukinunua lita 8 naye akamaliza na mkebe mmoja, jua ya kwamba maji ya bomba yamefanya kazi yaliyobaki. Maji yasizidi kiasi kilichoandikwa kwenye mkebe. Rangi iliyozidishwa maji hupendeza siku ya kulipwa fundi, na baada ya miezi sita ukuta unaonekana chini yake. Lakini tusiwalaumu mafundi wote. Mafundi wengi hutia maji kwa sababu mwenye nyumba ametoa fedha za nusu ya kazi akitaka kazi nzima.

Namaliza kwa neno dogo. Nimeingia katika nyumba nyingi na ndoo ya rangi mkononi, nami nimeona desturi moja. Fedha nyingi hutumiwa sebuleni, anapokaa mgeni saa moja kwa mwezi. Jikoni, anaposhinda mama, na chumba cha nyuma, wanakolala na kusomea watoto, hupata masalio, au hawapati kitu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wazee walisema. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa ukuta asiouona. Ikiwa rangi ni haba, ianze na chumba cha mtoto anayesoma, kisha jikoni. Mgeni mwema atakaa vizuri hata katika sebule ya chokaa, na kabla ya kuondoka atauliza ni nani aliyekufundisha kuipaka.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita